“Borrow” ni kuazima au kukopa?

Swali

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na mwezi uliopita niliandika kwa Kiingereza barua ya kumweleza mfadhili wetu namna fedha zilivyotumika. Nilitaka kusema kwamba tuliwakopesha wanachama 12 jumla ya shilingi 2,400,000, nami nikaandika: “We borrowed our members 2,400,000 shillings.” Mfadhili akajibu kwa upole akiuliza kama kikundi kinadaiwa na wanachama wake, na kama ndivyo, deni hilo litalipwa lini. Nilifadhaika sana, kwa maana sisi ndio tunaodai. Kamusi niliyo nayo inaeleza “borrow” kwa maneno mawili, azima na kopa, bila kuongeza neno. Naomba mnifafanulie kitenzi hiki hutumikaje, na nilikosea wapi hasa.

Jibu la kwanza

Dada katibu, kosa hilo nalisahihisha kila muhula katika madaftari ya wanafunzi wangu, na si kosa la uvivu. “Borrow” ni tendo la anayepokea peke yake. Anayetoa ana kitenzi chake kingine kabisa, “lend”, ambacho katika wakati uliopita huwa “lent”. Sisi tumezoea kugeuza mwelekeo kwa kurefusha kitenzi kilekile, kwamba ukikopa unapokea na ukikopesha unatoa, lakini Kiingereza hakina kiambishi cha kukifanyia “borrow” kazi hiyo. Tazama pia neno linalofuata: “borrow” huandamana na “from”, na “lend” huandamana na “to”, isipokuwa anayepokea akitajwa mara tu baada ya kitenzi, hapo “to” huachwa. Sentensi yako ingekuwa: “We lent our members 2,400,000 shillings.” Ukitaka kuwafanya wanachama ndio watenda, utasema: “Our members borrowed 2,400,000 shillings from the group.”

Jibu la pili

Mwalimu ameeleza vyema upande wa Kiingereza, ila naona chanzo cha kosa kimo ndani ya kitenzi azima, wala si ndani ya kopa. Huku kwetu Pwani mtu husema “nimeazima jembe kwa jirani” na pia “jirani ameniazima jembe”, kitenzi kikiwa kilekile bila kuongezwa chochote, ingawa wapo wanaosema azimisha. Kinachobeba mwelekeo ni kile kiambishi “ni” cha anayepewa, kilichokaa kabla ya “azima” ndani ya “ameniazima”. Mtoto anapomwambia mwenzake “borrow me your pen”, amefuata mantiki ya lugha yake kwa uaminifu kabisa. Tatizo ni kwamba “me” ya Kiingereza haiwezi kugeuza mwelekeo wa “borrow”. Wajerumani nao wana kitenzi “borgen”, ndugu wa hilihili “borrow”, na kwao hutumika kwa anayetoa na anayepokea vilevile.

Kuhusu azima na kopa, jambo la kutazama ni kile kitakachorudi. Shughuli ikikaribia mtaani kwetu, akina mama huazimana masufuria, na kila sufuria ina herufi za mwenyewe zilizopakwa rangi chini ya kitako, kwa sababu inayotakiwa kurudi ni ileile, wala si nyingine inayofanana nayo. Anayekopa hukitumia kitu kikaisha, kisha hurudisha thamani yake. Ndiyo maana wahenga walisema “kukopa harusi, kulipa matanga”. Fedha hukopwa, ingawa baina ya marafiki ni kawaida kabisa kusikia “niazime elfu tano”, na hapo nadhani mtu huchagua azima makusudi, ili ombi lisionekane kuwa deni la kuandikiana. Kwa Mwingereza sufuria na fedha zote ni “borrow”, kwa kuwa yeye huuliza kitu kinaelekea kwa nani, nasi huuliza kitarudi kitu gani.

Jibu la tatu

Nafanya kazi ya kutafsiri, na naomba niongeze tahadhari moja ambayo naiona kubwa kuliko zote zilizotangulia: si kila kukopa ni “borrow”. Methali yetu ya “nguo ya kuazima haisitiri matako” inahusu nguo ya mtu mwingine, na hiyo kwa Kiingereza ni “borrowed” bila shaka yoyote. Nguo ya kukopa ni nguo uliyoichukua dukani ukaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Hiyo ni mali yako tayari, unachodaiwa ni bei tu, na Mwingereza atasema umeinunua “on credit”. Ukiandika kwamba uliikopa kilo ya mchele dukani na ukatumia “borrow”, msomaji ataelewa kwamba muuzaji anasubiri mchele. Anayelipia matumizi ya kitu, kama baiskeli ya kukodi, naye hatumii “borrow”. Wamarekani hutumia pia “loan” kama kitenzi mahali pa “lend”, na Waingereza wengi hukiona hakifai katika maandishi rasmi, kwa hiyo “lend” ndicho kitakachokufaa kwa mfadhili yeyote.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimeiandika upya sentensi ya fedha kwa “lent”, kisha nikairudia barua nzima na kukuta kosa la pili ambalo mfadhili hakuliuliza. Niliandika kwamba wanachama wanne “borrowed seeds”, ilhali walichukua mbegu kwetu kwa ahadi ya kulipa fedha baada ya mavuno. Nimebadilisha ikasomeka “took seeds on credit”, na barua itaondoka kesho asubuhi.