Mashua inarukaruka kwenye mchoro wa maji kujaa na kupwa: nirekebishe wapi?

Kijana wa Langoni:
Assalamu alaykum. Ninatengeneza kwa Flutter, zana ya kuunda programu za simu, programu ya kuwaonyesha manahodha wa Lamu hali ya maji kwa siku nzima, hasa wale wanaopitia mkondo wa Mkanda kwenda Faza na Pate, ambako maji yakipwa chombo huweza kukwama. Nimetumia CustomPainter, sehemu ya Flutter ya kujichorea mwenyewe, kuchora mstari unaopanda na kushuka, na juu yake mashua ndogo inayoonyesha saa tuliyo nayo, huku viwimbi vikitikisika chini yake. Kwenye simu yangu mchoro unakwenda vizuri, lakini kwenye simu za bei nafuu, ambazo ndizo wengi wanazo, mashua inarukaruka na simu inachemka. Kila mpigo wa AnimationController, kiendesha mwendo, ninaita setState, amri ya kujenga upya, kwa ukurasa mzima. Je, niache kuchora mwenyewe na kutumia picha zilizo tayari?

Fundi wa Mkomani:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kuchora hakuna lawama. Skrini inayojichora upya mara 60 kwa sekunde huipa kila fremu (mchoro mmoja wa skrini) takriban milisekunde 16, nawe unazimaliza kwa kuijenga upya hata orodha ya nyakati ambayo haikubadilika. Mpe mchoraji, yaani ile CustomPainter yako, mwendo wenyewe:

`MashuaPainter(this.mwendo) : super(repaint: mwendo);`

Hapo Flutter huruka hatua za kujenga na kupanga wijeti (vipande vya skrini), ikaenda moja kwa moja kwenye kuchora. Kisha utenge mstari wa maji na mashua katika CustomPaint mbili (wijeti zinazobeba mchoro), kila moja ndani ya RepaintBoundary yake, mpaka unaozuia kimoja kisichorwe upya kwa sababu ya kingine, na shouldRepaint ya mstari, inayojibu kama uchorwe upya, irudishe kweli pale tu takwimu zinapobadilika, kwa mfano mtu anapotoka siku ya maji mafu (yanayopanda na kushuka kidogo) kwenda siku ya bamvua (yanapopanda na kushuka sana). Usizidishe mipaka hiyo, kwa kuwa kila tabaka hula kumbukumbu ya simu.

Jambo moja huwapita wengi. Ukiisogeza mashua kwa getTangentForOffset (inayotoa nukta na mwelekeo wa mstari) peke yake, unapima umbali juu ya mstari, si saa, kwa hiyo palipo na mwinuko mkali mashua itabaki nyuma ya wakati, na nahodha atasoma saa isiyo sahihi. Mahali pa mashua pakokotoe kutokana na saa na kina cha maji. Mwinamo wake ndio uuchukue kwenye mstari.

Bint Shela:
Nakubaliana na Fundi kuhusu msimbo, ila mimi ningeuliza kwanza kama mwendo huo unahitajika. Mchoro wenye upana wa nukta 360 unaobeba saa 24 husogeza mashua nukta moja kwa kila dakika nne. Kwa nini basi simu ichore mara 60 kwa sekunde? Saa ya ndani ya programu (Timer) inayoita mara moja kwa dakika inatosha, na mwendo laini ubaki kwa wakati wa kufungua ukurasa na wakati mtu anapovuta kidole kutazama saa za mbele. Viwimbi ni pambo linalokula betri ya mtu aliye baharini. Kwenye jua la mchana afadhali mstari mnene wenye rangi iliyokoza.

Kijana wa Langoni:
Ahsanteni sana. Viwimbi nitaviacha vicheze kwa sekunde chache ukurasa unapofunguka, kisha vitulie. Kivuli chenye ukungu chini ya mashua nacho kina gharama?

Fundi wa Mkomani:
Kinayo, kwa kuwa MaskFilter ya ukungu huhesabiwa upya mashua inapochorwa. Kichore kwa umbo la kawaida lenye rangi nyepesi. Unapopima, tumia hali ya profile (ya kupima kasi) kwenye simu ile ile ya bei nafuu, maana hali ya debug (ya kutafuta makosa) huchelewesha kila kitu na itakupa picha isiyo ya kweli. Angalia pia toleo la Android: tangu Flutter 3.27, Impeller ndiyo injini ya kawaida ya kuchora kwa Android 10 na kuendelea, lakini simu za chini ya hapo, au zisizo na Vulkan (mfumo mpya wa michoro), hurudi kwenye njia ya zamani ya OpenGL, kwa hiyo jaribu zote mbili.