Yashahime imekiua kisima cha Inuyasha, tuache kuitetea

Wakuu, salaam. Uzi huu unafichua mwisho wa Inuyasha (vibonzo, yaani manga, na katuni, yaani anime, za Rumiko Takahashi kuhusu Kagome, msichana wa Tokyo, na Inuyasha, aliye nusu binadamu nusu yokai, kiumbe wa ajabu wa Kijapani), wa The Final Act, sehemu ya mwisho ya anime hiyo, na wa misimu yote miwili ya Yashahime, mwendelezo wake kuhusu mabinti. Ambaye hajamaliza asiendelee, asije akalaumu mtu.

Nataka tuongelee kisima. Kila uzi wa Yashahime unaishia kwenye ugomvi kuhusu Sesshomaru, kaka wa Inuyasha, kuzaa na Rin aliyemjua akiwa mtoto, watu wanatukanana mpaka mods wanafunga, na kosa lililoua hadithi yenyewe linapita bila kuguswa. Inuyasha ilikuwa na sheria ya kuvuka zama. Sheria hiyo ilibeba hadithi nzima tangu manga ilipoanza Novemba 1996 mpaka anime ilipofungwa Machi 2010. Yashahime imeichukua ikaitupa, na haikuweka nyingine mahali pake.

Tukumbushane, maana naona watetezi wameshasahau. Kisima cha Kula Mifupa kiko kwenye hekalu la ukoo wa Higurashi, Tokyo. Upande wa pili, miaka 500 nyuma katika zama za vita za Sengoku, kiko karibu na kijiji cha bibi Kaede, na wanakijiji walikuwa wakitupa humo mizoga ya yokai kwa sababu baada ya siku chache mifupa hutoweka. Hakikuwa mlango wa kila anayepita. Kagome anavutwa humo siku anayotimiza miaka 15, na anayemvuta ni yokai tandu aliyehisi kito cha Shikon, kito cha nguvu kinachowindwa na yokai, ndani ya mwili wa Kagome. Kito hicho kilichomwa pamoja na maiti ya Kikyo, kuhani wa kike aliyekilinda, kikazaliwa upya ndani ya Kagome. Kwa hiyo kito ndicho kilichotangulia kuvuka zama, na msichana akavutwa kukifuata. Sababu unaiona na unaweza kuieleza kwa sentensi moja.

Kisha yakaja masharti. Wanaokwenda na kurudi ni wawili tu, Kagome na Inuyasha. Wenzao wa safari hawawezi: Shippo hawezi, Miroku hawezi, Sango hawezi. Inuyasha anapomsukuma Kagome kisimani baada ya kumnyang'anya vipande vya kito kilichokwisha kuvunjika, Kagome anakwama kwao Tokyo. Na lililo kubwa kuliko yote: siku moja huku ni siku moja kule. Kagome akikaa Sengoku wiki nzima, shuleni amekosa wiki nzima, ndiyo maana babu yake anamtungia magonjwa kwa walimu na yeye anakimbilia mitihani akiwa hajalala. Kila safari ina gharama inayohesabika kwa siku.

Ndiyo sababu mwisho ule uliuma. Kagome anatamka ombi moja lililo sahihi, kito kinatoweka milele, kisima kinafunga. Miaka 3 inapita pande zote mbili, sawasawa. Anamaliza sekondari akiwa na miaka 18, kisima kinafunguka mara moja, anachagua upande, anamuacha mama yake, babu yake na mdogo wake Sota. Hayo ndiyo malipo ya hadithi yote.

Sasa tuje kwenye Yashahime ya Oktoba 2020. Pacha wawili wa Sesshomaru, Towa na Setsuna, wakiwa na miaka 4 wanatenganishwa na moto wa msituni, Towa anatumbukia kwenye njia ya zama na kutokea Tokyo, analelewa na Sota kwa miaka 10. Kwa nini moto ule ufungue njia? Kwa nini Towa apite na Setsuna abaki? Halafu Setsuna na Moroha, binti wa Kagome na Inuyasha, wanaangukia Tokyo, na yokai waliyekuwa wakipigana naye anaangukia pamoja nao. Kurudi, wanapitia Goshinboku, ule mti mtakatifu. Sioni sharti wala gharama. Njia inafunguka kila mwandishi anapoihitaji na kufungwa anapochoka nayo.

Najua jibu lenu: mti na kisima vina uhusiano, na filamu ya kwanza ya mwaka 2001 ilionyesha Goshinboku ukiwaunganisha Kagome na Inuyasha wakiwa kila mmoja zama zake. Kweli kabisa. Mti ule ule ndio Inuyasha alikopigiliwa mshale kwa miaka 50, kwa hiyo kuupa nguvu ya zama si dhambi. Lakini filamu iliufanya mti upitishe sauti na hisia za watu wawili waliokwisha kufungwa pamoja na hadithi. Yashahime imeufanya kituo cha daladala. Kama mti ulikuwa na uwezo wa kuvusha watu wazima wazima siku zote, Kagome alilia nini miaka 3 ukingoni mwa kisima, na mti uko hapo hapo uani kwao?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Walichofanya ni kurudi nyuma na kufuta malipo ya Kagome. Aliacha familia yake akijua hatawaona tena, halafu mtoto wa shemeji yake analelewa miaka 10 ndani ya nyumba ile ile ya mama yake, naye Kagome wakati huo amefungiwa pamoja na Inuyasha ndani ya lulu nyeusi, kwenye mpaka wa dunia ya wafu. Mnajua lulu hiyo: ndiyo iliyokuwa imefichwa kwenye jicho la kulia la Inuyasha, njia ya kaburi la baba yake. Walikuwa na nafasi ya kuandika tukio zito kuliko yote katika ulimwengu huu wa hadithi, mama Higurashi kupata habari za binti yake kupitia mjukuu wake Moroha, na wakalikimbia ili wawahi pigano.

Twende kwenye hesabu, maana huku ndiko uzembe unakoonekana wazi. Sheria ya siku kwa siku ingetosha kumaliza ugomvi wote wa umri.

Tuchukue kuwa Kagome aliingia kisimani mwaka 1997, kwa kufuata wakati manga ilipoanza. Weka miaka 3 ya kisima kufungwa: anarudi Sengoku kwa kudumu karibu 2000. Towa ana miaka 14 na yuko zama za Reiwa, yaani za mfalme wa sasa wa Japani, ambazo zimeanza Mei 2019. Mtoe 14 kwenye 2020, pacha wamezaliwa karibu 2006 kwa kalenda ya kisima. Maana yake kuna pengo la miaka 6 tangu Kagome arudi. Epsodi ya kwanza kabisa ya Yashahime, ile inayoonyesha maisha ya Inuyasha na Kagome baada ya harusi, haionyeshi hata kidogo kwamba miaka 6 imepita.

Basi tuikatae 1997, tuhesabu kinyumenyume na kuwapa pengo la mwaka mmoja tu. Kagome atakuwa ameingia kisimani karibu 2002. Sota alikuwa mtoto wa shule ya msingi, tumpe miaka 9. Towa anatokea Tokyo 2010, Sota ana miaka 17, na tunaambiwa anamchukua kama binti yake na kumlea hadi leo akiwa baba wa familia mwenye mke, Moe, na binti, Mei. Ukifuata hesabu ya kwanza Sota anapona, anakuwa na 22, lakini epsodi ya kwanza inavunjika. Ukifuata ya pili epsodi ya kwanza inapona, Sota anavunjika. Na umri wa Rin mnaotukaniana humu unaning'inia kwenye pengo hilo hilo: mwaka mmoja ni jambo moja, miaka 6 ni jambo jingine kabisa. Waandishi walikuwa na kalenda iliyokwisha kutengenezwa na Takahashi, wakashindwa kuandika namba moja tu kwenye skrini.

Kisha Yashahime ikaongeza nyota ya mkia inayorudi kila miaka 500, na mwalimu wa Tokyo, Osamu Kirin, mwenye uhusiano na Kirinmaru, yokai mkubwa ambaye ni adui wa mabinti. Hiyo ni saa nyingine kabisa inayopima zama zile zile, imeletwa baada ya epsodi 193 za Inuyasha ambazo hazikuwahi kuidokeza.

Msiniambie kwamba timu haijui kuweka masharti. Wanajua. Mtazameni Moroha. Ni robo yokai, akipaka rangi ya mdomo iliyokuwa ya bibi yake anakuwa Beniyasha, nguvu zinadumu dakika moja, baada ya hapo anaanguka usingizi mzito. Chanzo kipo, kikomo kipo, gharama ipo. Ni mrithi halali wa usiku usio na mwezi ambao Inuyasha anageuka binadamu mtupu. Yule aliyeandika Moroha angekabidhiwa kisima tungekuwa na hadithi.

Na tiba ilikuwa mikononi mwao. Lulu za upinde wa mvua ni saba. Ya fedha iko kwenye jicho la Towa, ya dhahabu kwenye jicho la Setsuna, nyekundu anayo Moroha. Kila safari ya kuvuka zama ingezima lulu moja. Lulu saba, safari saba, basi. Ajali ya moto inakula ya kwanza na kueleza kwa nini Towa alipita na Setsuna akabaki. Kuja Tokyo inakula ya pili, kurudi inakula ya tatu. Riku anayezikusanya anakuwa adui wa kweli, kwa sababu kila anayoichukua ni mlango unaofungwa. Kagome akitoka kwenye lulu nyeusi na ikabaki moja tu, aende kumuona mama yake au ambakize Towa na njia ya kurudi? Epsodi 48 zilitosha kabisa.

Kwa wanaotaka kuanza, au kumuanzishia mtu: epsodi 167 za kwanza zinafika juzuu ya 36 ya manga. The Final Act inabeba juzuu 20 zilizobaki ndani ya epsodi 26, yaani kidogo zaidi ya epsodi moja kwa juzuu, wakati mwanzo kila juzuu ilipewa zaidi ya nne. Ndiyo maana Kagura, yokai wa upepo, anakufa epsodi ya pili kabla hujakaa vizuri. Ukimaliza ya 167, soma manga kuanzia juzuu ya 36 hadi 56, kisha tazama The Final Act kwa ajili ya sauti na rangi. Simama hapo. Ukitaka kuendelea na mabinti, tafuta manga ya Yashahime ya Takashi Shiina iliyoanza 2021, inayopanga upya mambo badala ya kunakili anime.

Na jambo dogo kwa wanaotafsiri: acheni kuandika "shetani". Yokai si shetani wala jini. Wengine ni wanyama waliozeeka wakapata nguvu, wengine mizimu ya vitu. Andikeni yokai, msomaji ataelewa ndani ya epsodi mbili.

Anayebisha kuhusu kisima alete namba ya epsodi na dakika, aonyeshe mahali Yashahime ilipoeleza nani anapita, kwa nini, na kwa gharama gani.