Ushirikiano wa mpakani: picha kibao, mamlaka hakuna!

Wakuu, mnivumilie leo, nina dukuduku la siku nyingi na nalimwaga hapahapa.

Hivi nani aliwadanganya wakubwa wa makao makuu ya serikali kwamba ushirikiano wa mpakani ni kupiga picha? Mameya wa pande mbili wanakutana, wanapeana bendera, wanatia saini hati ya makubaliano, wanakula, posho inatoka, kwaheri. Mwakani wanarudia. Uliza mbona gari la zimamoto la jirani, lililo karibu kuliko letu, haliruhusiwi kuvuka nyumba ikiungua usiku. Jibu: "suala lipo wizarani". Isome hiyo hati sasa. Haina bajeti, haina mhusika, haina tarehe.

Na msiseme tatizo ni uhaba wa mikataba, maana mikataba imejaa tele. Baraza la Ulaya lina wake wa Madrid tangu 1980, unaozitaka nchi zirahisishe ushirikiano wa serikali za mitaa na wenzao wa ng'ambo ya mpaka. Umoja wa Afrika nao ukapitisha Mkataba wa Niamey, wa ushirikiano huohuo wa mpakani, pale Malabo, Juni 2014. Ili uanze kutumika, nchi 15 lazima ziuridhie. Miaka kumi baadaye, 15 zilikuwa hazijatimia. Kati ya nchi 55, jamani! Waliopiga makofi ukumbini ndio haohao walioufungia kabatini. Tena hili si jambo la kuletewa: Rais Alpha Oumar Konaré wa Mali alishaliweka mezani mwaka 2002, kwamba eneo la mpakani lichukuliwe kama nchi moja ya watu wanaoishi pamoja, hata kama mstari unapita katikati yao.

Wale wa "Ulaya wenzetu wameshamaliza" mtulie kwanza. Kuna hospitali ya Cerdanya, iko Puigcerdà, Hispania, mlangoni kabisa mwa Ufaransa. Ilifunguliwa 2014, inaendeshwa na pande zote mbili, na sehemu kubwa ya fedha za ujenzi ilitoka Umoja wa Ulaya. Bonde ni moja, milima imewazunguka, na Wafaransa wa pale hospitali kubwa ya kwao iko mbali, huko Perpignan. Kwa hilo nawapa heko. Sasa sikilizeni vituko vyake vya miaka ya mwanzo. Mtoto wa mama Mfaransa akizaliwa mle amezaliwa ugenini, kwa hiyo usajili wake ulikuwa ukipitia mlolongo wa nchi nyingine. Mgonjwa akifariki, kumrudisha kijijini kwake, ambako ni pua na mdomo, kulikuwa kukihesabiwa kuwa ni kusafirisha maiti kimataifa, pamoja na vibali vyake vyote. Watu wamefiwa, nyumbani pale, wao wanahangaikia mihuri! Karani yeyote wa mpakani angewatajia vikwazo hivyo kabla hata msingi haujachimbwa. Lakini karani wa mpakani nani anamuuliza?

Hapo hapahitaji mabilioni. Panahitaji mkubwa mmoja akubali kwamba kwenye kipande kile cha ardhi sheria yake ilegezwe kidogo, na hilo ndilo wasilolitaka. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilipendekeza utaratibu wa kuruhusu mradi wa mpakani utumie sheria ya nchi jirani pale sheria ya kwao inapokwamisha. Serikali zikaupiga danadana weee, hadi ukakwama. Kanuni iliyopitishwa hatimaye 2025 imepunguzwa makali: nchi isiyotaka hata kuanzisha dawati la kuratibu vikwazo vya mpakani hailazimiki. Miaka saba ya vikao, matokeo yake ni hiari!

Machi 2020 ndiyo ilinimaliza kabisa. Gorizia ya Italia na Nova Gorica ya Slovenia zina uwanja mmoja wa wazi wa mjini, mpaka unapita katikati. Uzio wake uliondolewa 2004, Slovenia ilipoingia Umoja wa Ulaya, kwa mbwembwe zote. Korona ilipoingia, uzio ukarudi palepale. Konstanz ya Ujerumani na Kreuzlingen ya Uswisi nako wakawekewa uzio. Wapenzi na ndugu wakawa wanashikana mikono kwenye matundu, basi ukaongezwa uzio wa pili ili wasifikiane! Amri ya kufunga mipaka ilitoka makao makuu, na hati za ushirikiano zilizosainiwa miaka yote hiyo hazikumsaidia mtu.

Anayesema haiwezekani atazame Tornio ya Finland na Haparanda ya Sweden. Saa zao zinapishana kwa saa moja, sarafu tofauti, lakini majitaka ya miji yote miwili yanasafishwa mahali pamoja, na chombo chao cha pamoja cha ushirikiano kipo tangu 1987. Siri yao si upendo. Nchi za Nordiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya kama hizo mbili, zilisaini makubaliano mwaka 1977 yanayoiruhusu manispaa kushirikiana na ya ng'ambo kama inavyoshirikiana na ya nchini mwake. Ruhusa ikatolewa mara moja, kazi ikaendelea, hakuna wa kusubiri barua ya waziri kila bomba linapopasuka.

Najua kuna watakaokuja hapa chini na wimbo wa "usalama wa taifa". Karibuni sana. Ila kabla hamjaandika, nielezeni kwanza: majitaka ya Haparanda yamehatarisha usalama wa taifa la nani?