Naomba ushauri: risasi zinakwama kwenye Mannlicher-Schönauer 1903

Habari zenu wakuu. Nina bunduki ya kuwinda aina ya Mannlicher-Schönauer modeli ya 1903, inayotumia risasi za 6.5x54, niliyorithi kwa babu, kibali kipo. Bolti yake inateleza kama imepakwa siagi, naipenda mno. Shida ni magazini yake ya kuzunguka (sehemu inayobeba risasi): ilitengenezwa kwa risasi ndefu za greni 160 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zenye kichwa butu. Nilizopata ni za greni 140 zenye ncha kali, na ncha inagonga mdomo wa chemba (sehemu ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa). Nimesafisha magazini na kukagua springi, bado. Kuchonga chuma cha asili sitaki kabisa.

Je, hapa Tanzania naweza kuagiza za greni 160 kihalali kupitia duka lenye leseni? Na kuna aliyewinda swala kwa greni 140, akiingiza moja moja? Shabaha ilikaaje?