Kitasa cha dirisha la kusukuma hakifungi, shata linakwaruza: nibadilishe nini kwanza?

MkaziKigamboni

Wakuu, naomba ushauri. Nyumba iko Kigamboni, upepo wa bahari unafika. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma: mashata (fremu zinazosukumwa) mawili ya kioo cha milimita 5 na la tatu la wavu wa mbu. Umri wake ni miaka kumi na kitu.

Mashata ya vyumbani yanasukumwa kwa mikono miwili na yanakwaruza chini. Vitasa viwili vya kuzungusha, vile vyenye umbo la hilali, vimevunjika mkono. Kingine kinazunguka lakini hakishiki upande wa pili mpaka shata linyanyuliwe kwa mkono. Skrubu zimeota kutu na mbili zinazunguka bure. Stoo kuna dirisha moja la zamani la chuma ambalo mkono wake umelegea kabisa.

Fundi aliyeyaona anashauri kung'oa yote na kuweka mapya. Kuna ulazima huo? Na kama ni kununua vifaa tu, nianze na vitasa?

AluFundi

Mkuu, usinunue kitasa bado, na using'oe kitu. Kwa dalili ulizotaja, ugonjwa uko kwenye rola, yale magurudumu madogo chini ya shata. Rola ikilika, shata linashuka milimita chache, ulimi wa kitasa haukutani tena na kipokeo chake, mtu analazimisha, mkono unakatika. Kitasa kipya kwenye shata lililoshuka kitakatika vilevile.

Pima kwanza. Sukuma shata mpaka libaki pengo jembamba kati yake na fremu ya pembeni, halafu litazame pengo hilo toka juu hadi chini. Likiwa pana juu kuliko chini, au chini kuliko juu, rola moja imeshuka kuliko mwenzake. Likiwa sawa lakini shata linaburuta, zote mbili zimekwisha.

Kabla ya kutoa shata, tafuta skrubu ya kurekebisha rola. Huwa ndani ya tundu dogo chini kabisa, ama ubavuni mwa shata ama usoni. Ingiza bisibisi ya nyota, zungusha nusu mzunguko kila mara. Shata likipanda na kitasa kikashika, umemaliza bila kununua chochote. Likigoma kupanda, au likipanda na bado linakwaruza, litoe:

1. Ondoa shata la wavu kwanza. Ni jepesi, linanyanyuliwa tu.
2. Angalia juu, ndani ya reli. Kukiwa na kipande cha plastiki kinachozuia shata lisinyanyuliwe, fungua skrubu yake.
3. Legeza skrubu za rola zote mbili ili shata lishuke. Hapo ndipo unapata nafasi ya kulipandisha.
4. Simameni mtu mmoja kila upande wa shata. Nyanyueni kuingia reli ya juu mpaka chini liiruke reli, kisha vuteni sehemu ya chini kuja ndani.

Usilidharau. Shata la sentimita 75 kwa 120 lenye kioo cha milimita 5 lina kilo 11 na ushee za kioo peke yake, bado aluminiamu. Na kama nondo zako ziko upande wa ndani, shata halitoki ndani. Litatolewa kwa nje, na kwa ghorofani hiyo ni kazi ya jukwaa, siyo ya ngazi ya kuegemeza ukutani.

Lilaze juu ya blanketi. Rola nyingine zinachomoka kwa chini ukifungua skrubu moja. Nyingine zimefungiwa ndani ya aluminiamu ya chini, kwa hiyo unafungua skrubu za kona na kuigonga aluminiamu hiyo polepole, ukiweka kipande cha mbao kati yake na nyundo. Ikitoka, usiukate wala kuunyoosha mpira unaoshika kioo. Ukiuvuta wakati wa kuurudisha, baadaye utajikunyata na kuacha pengo kwenye kona.

Dukani nenda na rola yenyewe mkononi. Jina la profaili (aina ya aluminiamu ya dirisha) halitoshi, maana rola mbili zinazofanana kwa macho hupishana upana wa nyumba yake, kile kikasha kinachoshika gurudumu, kwa milimita mbili na ya pili haiingii. Linganisha vitu vinne: upana wa nyumba, urefu wa kwenda juu, kipenyo cha gurudumu, na kama gurudumu lina mfereji au ni bapa. Badilisha mbili kwa kila shata hata kama moja inaonekana nzima. Kwa huko Kigamboni chukua zenye nyumba ya stenlesi au plastiki ngumu. Za bati lililopakwa zinki chumvi inazimaliza upesi.

Ukishatoa shata, pitisha kidole juu ya reli. Rola iliyokwama haizunguki, inasaga. Ukikuta mgongo wa reli umelala bapa au una meno, rola mpya haitakaa sawa. Mikwaruzo midogo inatoka kwa msasa namba 400. Iliyolika sana inavikwa kifuniko chembamba cha stenlesi kinachokatwa kwa urefu wa dirisha. Hicho kikikosekana, hapo ndipo fundi wako ana hoja, lakini kwa dirisha hilo tu.

Bisibisi_ya_Nyota

Naongezea vitasa na skrubu, maana huko ndiko watu wanakoharibu.

Kitasa cha hilali: pima toka katikati ya tundu la skrubu moja hadi katikati ya lingine. Kisha pima ulimi umeinuka kiasi gani toka kwenye uso wa aluminiamu. Hiki cha pili wengi wanakisahau, na ulimi ukiwa mfupi kwa milimita mbili unapita chini ya kipokeo bila kukigusa. Halafu kuna cha kulia na cha kushoto. Simama ndani, tazama mkono unaelekea wapi ukiwa umefungwa, piga picha. Nunua kitasa pamoja na kipokeo chake, kwa sababu ulimi mpya kwenye kipokeo kilicholika utacheza.

Kama ni kile cha ubavuni kinachozama ndani ya aluminiamu, pima urefu na upana wa tundu lililokatwa, siyo uso wa kitasa. Tundu likihitaji kupanuliwa tumia tupa. Grainda kwenye aluminiamu ya unene wa milimita moja na kidogo inaruka sekunde moja tu, na kovu halifichiki.

Skrubu inayozunguka bure maana yake aluminiamu imeisha meno. Kijiti cha kiberiti na gundi ni suluhisho la mbao, hapa halidumu. Kama ilikuwa ya milimita 3.5, panda hadi 4.2. Hiyo nayo ikigoma, toboa tundu la milimita 6 uweke ribiti nati (nati inayobanwa ndani ya tundu kama ribiti) ya M4, yaani ya bolti ya milimita 4, kisha tumia bolti ya M4. Usifunge kitasa kwa ribiti za kawaida. Zinashika, ndiyo, lakini hutaweza kukisogeza, na siku ya kukibadilisha utatoboa upya.

Nenda dukani na sumaku. Skrubu ya chuma iliyopakwa zinki inanaswa kwa nguvu. Ya stenlesi aina ya 304 au 316 hainaswi, au inanaswa kidogo sana. Tahadhari moja: zile skrubu zenye ncha ya drili mara nyingi zinatengenezwa kwa stenlesi ya aina ya 410, ambayo inanaswa na sumaku na hupata kutu mapema karibu na bahari. Na kwa kuwa stenlesi na aluminiamu zikilowa maji ya chumvi aluminiamu ndiyo inayoliwa (ule unga mweupe kuzunguka skrubu), chovya ncha ya kila skrubu kwenye silikoni au grisi kabla ya kuifunga. Za shaba usiziguse kabisa.

MkaziKigamboni

Asanteni sana, wakuu. Nondo ziko nje, kwa hiyo mashata yanatoka ndani. Je, reli zipakwe grisi? Na lile la chuma?

AluFundi

Grisi kwenye reli, hapana. Inashika mchanga, mchanga unakuwa msasa, na rola mpya inaliwa. Fagia kwa brashi ya rangi, osha kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, kausha, kisha silikoni ya kupuliza kwenye ekseli ya rola tu. Na wanaosafisha kwa asidi ya vigae au magadi waache, vyote viwili vinakula aluminiamu.

Kitengela_Chuma

La chuma niachieni mimi. Hapa Kenya nyumba nyingi bado ni hayo.

Usianze na mkono, anza na rangi. Dirisha la chuma lililopakwa rangi mara nyingi juu ya nyingine linanenepa kwenye kingo, na kutu ndani ya bawaba nayo inavimba. Likianza kubana, mwenye nyumba anatumia mkono kama mtaimbo, na ekseli ya mkono inalegea. Kwangua kingo zote mpaka chuma kionekane, dondoshea bawaba mafuta ya kupenya, uache usiku kucha. Likifunga kwa kidole kimoja, sasa badilisha mkono.

Skrubu za zamani zikigoma, gonga kichwa kwa nyundo mara chache bisibisi ikiwa imekaa ndani, halafu zungusha. Zikikatika, toboa kwa biti ya milimita 4.2 na ukate meno mapya ya M5. Tundu likiwa limeharibika, biti ya milimita 5 na meno ya M6, na upanue tundu la mkono wenyewe. Mikono hii nayo ina kulia na kushoto, ukitazama ukiwa ndani. Ule mhimili wenye matundu unaoshikilia dirisha likiwa wazi huuzwa kwa urefu, mara nyingi inchi 10 au 12, kwa hiyo pima wa zamani.

Kama mkono umechomelewa, usikubali uchomelewe mwingine kioo kikiwa mahali pake. Joto linakipasua. Toa puti inayoshika kioo, toa kioo, ndipo achomelee, kisha praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Tunu_wa_Mbezi

Samahani kudandia. La kwangu linafunga vizuri lakini masika maji yanajaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Ni mpira?

AluFundi

Mara nyingi siyo mpira, dada. Reli ya chini ina matundu ya kutolea maji upande wa nje, na mafundi wa rangi na plasta wanayaziba bila kujua. Mimina kikombe cha maji kwenye reli, mtu asimame nje atazame. Yasipotoka, zibua kwa waya. Kama limezibwa na saruji, pitisha biti ya milimita 5 taratibu palepale, usitoboe pengine, maana ukikosea maji yatashukia ndani ya ukuta. Yakitoka vizuri na bado unalowa, tazama ile brashi ya manyoya ubavuni mwa shata. Ikiwa imelala au ina upara, vuta kipande, pima upana wa mgongo wake na urefu wa manyoya, ununue kwa mita. Inaingia kwa kutelezeshwa kwenye mfereji wake, bila gundi.