Mhasibu na afisa mauzo hawaivi: kipimo cha haiba kitasaidia?

Msimamizi_Zamu: Wakuu, timu ina watu 7. Mhasibu ni mkimya, anataka kila kitu kwa maandishi. Afisa mauzo humaliza mambo kwa simu. Kila kufunga mwezi ni mvutano. Bosi anataka wote wafanye MBTI, kile kipimo cha haiba kinachompa mtu herufi nne za aina yake. Kuna faida?

Kipimajoto: Kwa kuanzisha mazungumzo, sawa. Kwa kupangia watu kazi, acheni. Kipimo hicho kinamweka mtu upande mmoja kwa kila herufi, ama mkimya ama mchangamfu, wakati wengi wako karibu na katikati. Akirudia baada ya wiki 5, herufi inaweza kugeuka na yeye hajabadilika. Hata wanaokimiliki wanasema kisitumike kuajiri. Watafiti wengi hutumia sifa tano, mojawapo uchangamfu, nyingine umakini wa kazi, na kila moja husomwa kwa kiwango, kama joto.

MamaRatiba: Mkuu, kabla ya kulipia kipimo angalia hili. Msemaji anafikiri huku anaongea, kwa hiyo sentensi yake ya kwanza ni jaribio tu. Mkimya anafikiri kwanza, akisikia "tumpe mteja siku 30" anaandika kama uamuzi. Ugomvi mwingi unazaliwa hapo. Ajenda itumwe siku moja kabla. Dakika 5 za mwanzo kila mtu aandike hoja zake kimya, na mchangamfu aongee mwisho. Kufunga kikao, mtu mmoja aseme "uamuzi ni huu". Kila simu ya mauzo ifuatwe na ujumbe mfupi siku hiyohiyo: "Duka la Kariakoo, katoni 40, nusu taslimu, nusu tarehe 28." Ukiruhusu "nitakutumia kesho" umerudi ulikotoka.

Fundi_Mizani: Mnalaumu haiba mapema mno. Mmoja anapimwa kwa mauzo, mwingine kwa hesabu kulingana. Weka watu wengine kwenye viti hivyo. Wakigombana vilevile, tatizo ni malengo, na hapo bosi ndiye wa kurekebisha. Halafu kijana anayenyamaza mbele ya wakubwa huenda anaonyesha heshima tu. Mtazame saa ya chai na rika lake ndipo umwite mkimya.

Msimamizi_Zamu: Nimewaelewa. Na mhasibu akikosea, nimwambie kikaoni?

MamaRatiba: Hapana, faragha, na karatasi yenyewe mezani. Onyesha mstari uliokosewa, kisha mpe hadi kesho yake ajibu. Ukimbana hapohapo atakubali tu ili uondoke.