Mafundi wa "mtindo wa uchakavu", kabati la mama yangu halikuwa chakavu mpaka lilipofika kwenu

Ndugu wanajukwaa, nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika haya, kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza, lakini kila asubuhi nikipita sebuleni inaanza upya. Ninalalamikia karakana moja ya hapa Dar es Salaam inayojitangaza kwamba inafufua samani za zamani kwa mtindo wanaouita shabi shiki, yaani samani inapakwa rangi nyepesi, kisha rangi hiyo inakwanguliwa hapa na pale ili ionekane imeishi na watu miaka mingi. Jina la karakana sitalitaja, kwa kuwa bado tunadaiana na sitaki madai ya fedha yageuke kesi ya kuchafuliana majina.

Kabati lenyewe ni la vyombo. Juu lina milango miwili ya vioo, katikati droo nne, na chini milango miwili ya mbao. Marehemu baba alilichongesha Lindi mwaka 1974 kwa mbao za mkongo, mti ambao ndugu zetu wa Mombasa na Zanzibar wanauita mbambakofi na ambao umechongwa milango mingi ya nakshi ya pwani hii. Baba alipohamishiwa Dar es Salaam, kabati lilipandishwa lori na kuvushwa mto Rufiji kwa pantoni, maana Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na mama hachoki kusimulia jinsi alivyokaa nyuma ya lori safari nzima akiizuia milango kwa kamba ya katani ili vioo visigongane. Vilifika vizima, na hadi Julai mwaka huu vilikuwa vizima.

Kosa la kwanza ni langu na ninalikiri. Sebule yetu ni ndogo na haipati mwanga wa kutosha, na vanishi ya kabati ilikuwa imekolea hadi kuwa nyeusi, hivyo nilipoona kwenye simu picha za makabati meupe yenye kingo zilizofifia nikashawishika. Tulikubaliana shilingi 480,000 kwa kazi mbili, yaani kulipaka kabati na kukigeuza kichwa cha kitanda cha zamani kuwa benchi la kibarazani. Nilitanguliza 300,000. Niliahidiwa wiki mbili, zikawa saba, na kwa hilo sikulalamika, kwa sababu kazi ya mkono haiharakishwi. Laiti ningejua kwamba kwa wiki tano katika hizo saba kabati lilisimama uani chini ya turubai.

Sasa naomba msome kwa makini hili linalofuata, kwa kuwa ndilo linaloniuma kuliko fedha. Mama ana mazoea ya kuegemeza kiganja cha kushoto kwenye ukingo wa droo ya pili anapoinama kufungua mlango wa chini. Ameegemea hapo kwa takriban miaka hamsini, na mbao ilikuwa imelika taratibu ikafanya bonde dogo laini, ambalo sisi watoto tulilijua kwa vidole hata umeme ukikatika. Fundi alilijaza bonde hilo kwa puti, akalisawazisha kwa msasa, akalipaka rangi. Kisha akachukua grenda na kukwangua mistari mitatu mirefu katikati ya mlango, mahali ambapo hakuna mkono wa binadamu unaogusa, hakuna ufunguo unaoning'inia, wala hakuna kiti kinachosugua. Kwa maneno mengine, uchakavu wa kweli aliufuta, akanitoza fedha ili aweke wa kubuni, na huo wa kubuni akauweka pasipostahili.

Mtindo huu una kanuni, na kanuni zenyewe hazina siri. Umaarufu wake unahusishwa sana na Rachel Ashwell, mwanamke wa Kiingereza aliyefungua duka lake Santa Monica, California, mwaka 1989, akiuza samani kuukuu zilizopakwa rangi hafifu na vitambaa vilivyopauka, kwa mfano wa nyumba za mashambani za Uingereza ambako vitu vya bibi havitupwi. Anayetaka kuuiga uzee wa namna hiyo hana budi kujiuliza kwanza kitu kinaguswa wapi. Rangi hufifia kuzunguka vishikio, kwenye pembe, kwenye ukingo wa droo, na kwenye miguu inayogongwa na fagio. Seremala mwenye subira hupaka rangi ya kwanza, akasugua mshumaa kwenye sehemu hizo tu, akapaka rangi ya pili, na ikikauka hupitisha msasa laini kwa mkono, hivyo rangi iliyokaa juu ya nta huachia yenyewe na kuonyesha ya chini bila kujeruhi mbao. Mshumaa wa shilingi mia chache ungemtosha. Yeye alitumia grenda.

Nilipomwonyesha mwenye karakana mistari ile, alinijibu kwa upole wa kuudhi, "Dada yangu, ndiyo mtindo wenyewe." Nilipomwonyesha matone ya rangi yaliyogandia kwenye kioo, ndiyo mtindo wenyewe. Nilipomwambia kwamba droo ya tatu haifungi kwa sababu wameipaka hadi kwenye reli zake, jibu lilikuwa hilo hilo, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa watu hawa neno "mtindo" ni turubai la kufunikia kila uzembe. Meza mpya ikiwa na matone ya rangi utairudisha na hakuna atakayebisha. Kabati la zamani likiwa na matone, unaambiwa huna jicho la kisanaa.

Kuhusu rangi, niliahidiwa rangi ya chaki, ile inayokauka bila mng'ao, ambayo Annie Sloan aliibuni Oxford mwaka 1990 na ambayo sifa yake ni kushika kwenye mbao bila kusugua sana. Baadaye kijana mmoja wa karakana, ambaye namshukuru kwa ukweli wake, aliniambia kwamba walichopaka ni rangi ya maji ya ukutani iliyokorogwa na unga wa jasi. Sina ugomvi na mchanganyiko huo kama mchanganyiko, kwani rangi nzuri za dukani ni ghali na watu wengi hujitengenezea nyumbani na wakafanikiwa. Ugomvi wangu ni kwamba niliuziwa kitu kimoja nikapewa kingine, na zaidi ya hapo hakikukingwa kwa chochote. Rangi ya namna hii ina vinyweleo, nayo isipofungwa kwa nta au kwa vanishi isiyong'aa hunyonya kila kitu, kuanzia mafuta ya vidole hadi mvuke wa chai, na katika unyevu wa jiji hili haidumu. Leo nikipitisha kiganja kwenye mlango kinatoka cheupe kama cha mwalimu aliyetoka ubaoni.

Kibaya zaidi ni madoa. Mkongo una rangi yake ya manjano iliyojificha ndani ya mbao, na ukikutana na maji huitoa. Seremala yeyote wa pwani ambaye amewahi kuacha kitambaa kibichi juu ya ubao wa mkongo analijua hilo. Dawa yake ni kupaka shelaki, aina ya vanishi, iliyoyeyushwa kwa spiriti, mara mbili, kabla rangi ya maji haijagusa mbao. Hawakupaka. Siku ya tisa baada ya kabati kurudi nyumbani, doa la kwanza lilitokeza kwenye mlango wa kulia, na sasa upande mzima unaonekana kama kanzu iliyomwagikiwa mchuzi wa bizari. Nilimpigia mwenye karakana simu na kumtumia picha. Mnajua alichojibu.

Benchi sitalizungumzia sana. Kichwa cha kitanda kilikuwa na viungo vya ulimi na tundu, wao wakakata ndimi na kuunganisha kwa misumari, na benchi linayumba akiketi mtoto wa darasa la pili.

Lakini kuna jambo moja la benchi hilo ambalo halinihusu mimi peke yangu. Kitanda kile kiliwahi kupakwa rangi ya mafuta ya kijani miaka ya themanini, na nilimweleza fundi hivyo kwa mdomo wangu siku ya kwanza. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na ndiyo maana siku hizi Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza kiwango kisichozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Siku nilipokwenda kukagua kazi nilikuta rangi ile inasagwa kavu kwa grenda, vumbi la kijani limetanda uani, fundi hana hata kitambaa puani, na hatua chache pembeni mama ntilie anapakua wali huku watoto wake wawili wakicheza chini. Rangi inayotiliwa shaka hulowanishwa kwanza ndipo isuguliwe kwa msasa wa maji, na taka zake hukusanywa. Nilipolisema hilo nilichekwa. Yule mama nilimweleza pembeni akahamisha meza yake, na sidhani kwamba karakana imenisamehe.

Wapo watakaoniambia, kama nilivyokwisha kuambiwa na shemeji yangu, kwamba mbao ya mkongo haipakwi rangi kabisa na kwamba nimevuna nilichopanda. Kwa kabati hili ninakubali. Lilihitaji kuoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kukaushwa, kuondolewa ile vanishi iliyokufa, na kupakwa nta, basi, na fundi mwaminifu angeniambia hivyo siku nilipolifikisha kwake, hata kama angekosa 480,000 na kupata 80,000. Zipo samani nyingi zinazonufaika na rangi, kama za mbao za paini zenye mafundo, za plaiwudi iliyobanduka, na zile zilizoungwaungwa kwa mbao za aina tatu. Anayelipaka kabati la mkongo bila hata kuuliza ni mbao gani si mpenzi wa vitu vya zamani, hata ajiite hivyo kwenye kila tangazo.

Mama ana miaka sabini na tisa na macho yake si mazuri. Kabati liliporudishwa alikaa mbele yake kitambo, akanyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye ukingo wa droo ya pili, akaupapasa, kisha akaniuliza kabati lake tumelipeleka wapi.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe 300,000 nilizotanguliza, na zile 180,000 zilizobaki silipi. Ninaomba pia msaada wenu: kama kuna anayemfahamu seremala anayeweza kuivua rangi hii kwa dawa ya kutolea rangi na kikwangulio, si kwa grenda, na pia si kwa soda kali ambayo huipausha au kuibadilisha mbao rangi, tafadhali anielekeze, hata kama yuko Bagamoyo au Morogoro nitalipeleka. Puti kwenye ukingo wa droo nitaitoa mwenyewe, kidogo kidogo.

Na vishikio vinane vya shaba, vilivyotoka Lindi pamoja na kabati, bado viko karakana, kwa maelezo kwamba havikuendana na mtindo. Nimevifuata mara mbili nikaambiwa mwenye ufunguo wa stoo hayupo. Jumamosi nakwenda mara ya tatu, na safari hii nitakuwa na mama.